Bure yenye tarehe na bure isiyo na tarehe: ijue leseni ya programu inayobeba duka lako

Leo tuongee leseni. Siyo ile ya halmashauri uliyoitundika ukutani, hiyo unaijua: inaishi mwaka mmoja, ikiisha unaihuisha, usipoihuisha unakutana na watu wa manispaa mlangoni. Naongelea leseni ya programu. Ile unayoikubali kwa kubonyeza bila kusoma, halafu duka lako zima linakaa juu yake: stoku, madeni, oda, namba za wateja.

Mimi nauza asali na vitenge hapa Tabora mjini, na wateja wangu wengi wananikuta mtandaoni kuliko dukani. Shule nimeishia kidato cha nne. Kompyuta nimejifunza mwenyewe kwa laptopu ya mtumba na video za usiku, bando likiwa la bei nafuu. Katika kujifunza huko nikatengeneza programu ndogo ya daftari la madeni, nikaiweka wazi mtandaoni, mtu yeyote aichukue na aitumie. Kwa sababu ya programu hiyo napewa bure kifaa cha kuandikia programu ambacho wengine wanakilipia kwa dola. Ila si bure ya kudumu. Kila mwaka lazima nihuishe, na mpaka sasa nimehuisha mara tatu.

Hiyo kazi ya kuhuisha ndiyo imenionyesha jambo ninalotaka uondoke nalo leo: bure ziko mbili. Kuna bure yenye tarehe, na kuna bure isiyo na tarehe. Usipojua duka lako limesimama juu ya ipi, ipo siku utafungiwa na stoku yako iko ndani.

Twende taratibu.

BURE YENYE TARAHE YAKE

Kwanza tuelewane kuhusu neno "programu huria". Ni programu ambayo msimbo wake, yaani yale maandishi yanayoiendesha, uko wazi. Yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kumpa mwenzake. Watu wanaotengeneza programu za namna hii mara nyingi hawalipwi. Kwa hiyo kampuni kadhaa zinazouza vifaa vya mafundi huwapa vifaa hivyo bila malipo, kama shukrani na pia kama tangazo.

Mfano ninaoutumia mwenyewe ni JetBrains. Ni kampuni iliyoanzia Prague mwaka 2000, ndiyo inayotengeneza IntelliJ IDEA na PyCharm, vifaa ambavyo mafundi wengi wa programu wanaandikia kazi zao. Kwa watengenezaji wa programu huria wanatoa leseni ya bure ya mwaka mmoja. Masharti yao kwa ufupi ni haya:

1. Mradi uwe huria kweli, una leseni inayotambulika kama MIT au GPL, siyo tu "nimeuweka mtandaoni".
2. Mradi uwe hai. Wanataka uwe umefanyiwa kazi mara kwa mara kwa angalau miezi mitatu, na wewe uwe mmoja wa wanaoufanyia kazi.
3. Mradi usiwe wa kibiashara. Yaani usiwe na toleo la kuuza pembeni.
4. Mwaka ukiisha unaomba tena, na wanaangalia upya kama bado unastahili.

Soma tena namba nne. Hapo ndipo watu wanapodondoka. Ukishapewa mara ya kwanza unaona kama umemaliza, kumbe umepewa miezi 12 tu. Siku ikifika na hujahuisha, leseni yako inakoma. Msimbo wako unabaki kuwa wako, hakuna anayekunyang'anya, na unaweza kuufungua hata kwa kifaa kingine. Lakini kama siku hiyo ulikuwa na kazi ya haraka, unaweza kukwama.

Mimi nafanya hivi. Mwezi mmoja kabla ya tarehe naingia kwenye ukurasa wa mradi wangu na kuukagua kama vile mimi ndiye ninayegawa leseni. Je, maelezo ya programu yanasomeka? Faili la leseni huria lipo? Kuna mtu aliuliza swali sijamjibu? Mabadiliko ya mwisho ni ya lini? Baada ya hapo ndipo naomba. Msimu wa asali unanibana sana, kwa hiyo mwaka mzima najiwekea kazi ndogondogo: leo narekebisha tarehe zinazokosea, kesho naongeza sehemu ya kupeleka madeni kwenye Excel, keshokutwa nasahihisha Kiswahili. Ni kazi halali na mradi unabaki hai. Usije ukabadilisha nukta kila siku ili uonekane unafanya kazi. Historia yote ya mabadiliko iko wazi, na anayekagua anaiona.

LESENI NI YA KAZI FULANI, SIYO YAKO BINAFSI

Hapa kuna kitu kinachowahusu moja kwa moja wewe na fundi wako.

Juzi jirani yangu wa fremu ya pili, anauza vipuri vya pikipiki, alinifuata. "Mdogo wangu, nitengenezee mfumo wa stoku, nakupa laki na nusu." Kazi niliipokea. Ila sikuifanya kwa kile kifaa nilichopewa kwa ajili ya mradi huria, kwa sababu leseni ile inaruhusu kazi ya mradi huria peke yake. Kazi ya jirani ni biashara. Nilitumia VS Code ya Microsoft, ambayo ni bure na inaruhusu hata kazi ya kulipwa. Jirani kapata mfumo wake, mimi nimepata hela yangu, na leseni yangu iko salama.

Kwa nini nakuambia haya na wewe huandiki programu? Kwa sababu unaajiri watu kama mimi. Fundi akikutengenezea mfumo kwa leseni ya mwanafunzi, ya majaribio au ya mradi huria, ujue amekujengea nyumba kwenye kiwanja cha watu. Leo unakaa vizuri. Kesho mwenye kiwanja anakuja.

Na kuna wale wanaouza funguo za programu kwenye makundi ya Telegram: shilingi 10,000, "ya mwaka mzima, haina shida". Jiulize, mtu anauzaje kwa elfu kumi kitu kinachouzwa kwa dola nyingi? Mara nyingi ni funguo za bure zilizotolewa kwa wanafunzi au mashirika zikageuzwa biashara. Mwenye programu akigundua anazifuta zote kwa mpigo. Hapo hela imekwenda na kazi imekwama. Tena programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hapa kwetu, kwa hiyo usidhani ni mambo ya Ulaya tu.

YALIYOMPATA DADA WA VITENGE

Kuna dada anauza vitenge Nzega, tunapeana mzigo. Fundi mmoja alimuwekea mfumo wa stoku na madeni, akalipwa, akaondoka. Ulifanya kazi vizuri karibu mwaka mzima. Jumamosi moja asubuhi akanipigia: "Mdogo wangu, mashine inanidai ufunguo. Ufunguo gani tena?"

Mfumo ule ulikuwa wa majaribio. Fundi alikuwa amejisajili kwa barua pepe yake mwenyewe, muda ukaisha, taarifa zote za kukumbusha zikaenda kwake. Namba yake ya simu haipatikani. Na ndani ya mfumo kuna madeni ya wateja, wengine wamekopa vitenge vya harusi, wengine wanalipa kidogokidogo.

Tulichofanya: tulitafuta kwenye barua pepe ya dada, tukakuta kuna siku aliwahi kutuma orodha ya madeni kwa Excel ili aichapishe. Ilikuwa ya miezi minne nyuma. Yaliyobaki tuliyajenga upya kwa kupitia meseji za malipo kwenye simu yake, moja baada ya nyingine, siku mbili nzima. Wateja wengi walikuwa waungwana, walikiri. Wachache walisema "mimi si nilishamaliza?" na dada hakuwa na cha kuwaonyesha.

Angalia vizuri, dada hakukosa hela ya kulipia. Alikosa kujua kuwa kuna tarehe.

BURE ISIYO NA TARAHE

Sasa tuje kwenye ile bure nyingine. Programu huria yenyewe, ukishaipata, haikuulizi ufunguo. Leseni yake haiishi mwaka. LibreOffice kwa ajili ya hesabu na barua, GIMP kwa picha za bidhaa, WordPress na WooCommerce kwa duka la mtandaoni, hizi zote ni huria. Toleo ulilonalo leo utaendelea kulitumia hata aliyelitengeneza akilala.

Hili halijaanza jana, na hata hapa kwetu lina historia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na kampuni ya Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kupitia mradi ulioitwa Kilinux. Waliwezaje kubadilisha menyu zote zikawa za Kiswahili? Kwa sababu OpenOffice ilikuwa huria, leseni yake ilishawapa ruhusa. Hawakuhitaji kuomba ufunguo wala kuhuisha kila mwaka. Na mwaka 2010, watengenezaji wengi wa OpenOffice walipotofautiana na kampuni iliyokuwa inaimiliki, walichukua msimbo uleule wakaanzisha LibreOffice. Mtumiaji wa kawaida hakufungiwa faili hata moja. Hata takwimu za vituo vya afya Tanzania zinapita kwenye DHIS2, mfumo huria ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo.

Ila usidanganyike ukadhani ukiwa na programu huria basi umemaliza gharama. WordPress ni bure, lakini jina la tovuti linalipiwa kila mwaka, na mahali tovuti inapokaa panalipiwa pia. Kuna na viongezeo vya WooCommerce vinavyouzwa kwa mwaka. Kwa hiyo ndani ya duka moja unaweza kuwa na bure isiyo na tarehe, bure yenye tarehe, na vya kulipia. Kazi yako ni kujua kipi ni kipi.

Kingine kinachosahaulika ni ile kufuli inayoonekana pembeni ya anwani ya tovuti. Wengi wanaipata bure kutoka Let's Encrypt, shirika la Marekani lisilo la faida. Cheti chao cha kawaida kimekuwa kikidumu siku 90 tu, kinatakiwa kujihuisha chenyewe. Mtambo wa kukihuisha ukikorofisha, mteja anafungua duka lako anakuta onyo kwamba tovuti si salama, anakimbia. Na kuanzia Juni 2025 Let's Encrypt wameacha kutuma barua pepe za kukumbusha. Kwa hiyo muulize anayekuhudumia: "Cheti cha tovuti yangu kinajihuisha chenyewe? Nani anaangalia?"

TABORA TUNALIJUA HILI TANGU ZAMANI

Mzigo wangu wa asali ukienda Kigoma au Dar unapita njia ambayo babu zetu waliipita kwa miguu. Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe kwenda pwani na kurudi na nguo na shanga. Na njiani kulikuwa na hongo. Siku hizi neno hilo tunalijua kwa ubaya, lakini enzi zile lilikuwa ushuru wa kupita: msafara ukiingia nchi ya mtemi unatoa nguo, unapewa njia. Ukirudi safari nyingine, unatoa tena. Ruhusa ya mwaka jana haikukupitisha mwaka huu.

Na kulikuwa na kubwa kuliko hongo. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aligombana na wafanyabiashara Waarabu wa hapa Unyanyembe, vita ikaanza, njia ya kwenda Ujiji ikafungwa. Biashara ikakwama. Hata Stanley, yule aliyekuwa anamtafuta Livingstone, alikwama hapa Kwihara. Alifika Ujiji mwaka uleule kwa sababu alizunguka kwa njia ya kusini. Waliojua njia moja tu walibaki wanasubiri.

Kwenye programu mambo ni hayohayo. Mwenye njia anaweza kubadilisha masharti hata kama hujakosea kitu. Machi 2023 kampuni ya Docker, ambayo mafundi wanatumia vifaa vyake kufungasha na kuhifadhi programu zao, iliwaambia watumiaji wa mpango wake wa bure wa timu kwamba mpango unafutwa, ikawapa siku 30. Miradi huria mingi ilikuwa humo. Watu walipiga kelele dunia nzima, na kabla mwezi haujaisha kampuni ikaomba radhi na kufuta uamuzi. Safari hiyo ilikwenda vizuri. Lakini mfanyabiashara hapangi biashara yake kwa kutegemea watu wapige kelele.

Simaanishi ukimbie bure yenye tarehe. Mimi naitumia na nashukuru, imenisaidia kujifunza kazi nisiyoisomea darasani. Itumie ukiwa unajua tarehe yake na una njia ya kusini.

FANYA HIVI WIKI HII

Chukua daftari. Ndiyo, la karatasi. Chora safu tano: jina la programu, ni bure ya aina gani au ya kulipia, tarehe inapoisha, barua pepe iliyosajiliwa, na njia mbadala. Kisha pitia moja moja.

1. Orodhesha kila kitu duka linachotumia. Programu ya stoku, ya picha, tovuti, jina la tovuti, hifadhi ya mtandaoni. Hata ile unayoitumia mara moja kwa mwezi.

2. Tafuta tarehe. Mara nyingi iko kwenye sehemu ya akaunti au ya "kuhusu programu". Usipoiona, tafuta neno leseni kwenye barua pepe zako. Ukikosa kote, muulize aliyekuwekea, akujibu kwa maandishi.

3. Hamisha usajili uje kwako. Akaunti ya duka isajiliwe kwa barua pepe ya duka, siyo ya fundi, siyo ya shemeji. Fundi apewe ruhusa ya kuingia, lakini mwenye mlango uwe wewe.

4. Weka vikumbusho viwili kwenye simu: mwezi mmoja kabla na wiki moja kabla. Kile cha mwezi ni cha kuomba, cha wiki ni cha kuuliza kama umejibiwa. Maombi ya leseni za bure yanapitiwa na watu, usiombe leo ukategemea kesho.

5. Kila mwisho wa mwezi toa data yako nje. Madeni, stoku, wateja, vyote kwa faili la kawaida la Excel au CSV, lihifadhi sehemu mbili. Mfumo usiokuruhusu kutoa data yako usiuingize dukani, hata uwe mzuri namna gani.

6. Jaribu njia mbadala kabla hujaihitaji. Fungua lile faili la madeni kwenye LibreOffice siku ambayo hakuna shida. Ukiona linasomeka vizuri, unalala usingizi.

Na ukiwa unampa fundi kazi, kabla hujatoa hata shilingi ya kwanza muulize maswali manne:

– Mfumo huu umejengwa na programu gani, na leseni zake zinaruhusu biashara?
– Kuna kitu chochote humu chenye tarehe ya kuisha?
– Akaunti zote ni za nani?
– Wewe ukihamia Mwanza kesho, nani mwingine anaweza kuufungua?

Fundi wa kweli hatakasirika. Atafurahi kwamba mteja anajua anachonunua. Anayeanza kuzunguka maneno, mshukuru na uendelee na safari.

Kwa vijana wenzangu mnaojifunza kuandika programu huku mnauza: tengeneza kitu kidogo kinachotatua shida ya mtaani kwako, kiweke wazi, kipe leseni huria tangu siku ya kwanza. Baada ya miezi michache ya kazi ya kweli unaweza kuomba vifaa ambavyo hungeweza kuvinunua. Kisha andika tarehe ukutani, palepale karibu na leseni ya halmashauri. Mimi zangu zimekaa pamoja, moja chini ya nyingine, na ya Machi ndiyo inayofuata.

Kama una programu dukani hujui leseni yake ni ya aina gani, andika jina lake kwenye maoni hapo chini tusaidiane. Mtumie na mwenzako anayeuza mtandaoni, hasa yule ambaye mfumo wake aliwekewa na mtu asiyepokea simu siku hizi.